Mpwa wangu anakwenda Beni na kofia ya buluu. Mama yake ameuliza swali moja, naomba tulijibu pamoja

FundiWaMkomani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana Amu, na wengine wote mliomo humu.

Juma lililopita dada yangu alinijia Mkomani, hapa mjini Lamu, baada ya Alasiri. Nilimmiminia kahawa, hakuigusa. Mwanawe wa kwanza ni mwanajeshi, na amewekwa katika kundi linaloandaliwa kwenda mashariki mwa Kongo, upande wa Beni, kujiunga na kikosi cha Kenya kilicho chini ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani Kongo, wale wa kofia za buluu. Nilidhani ataniuliza juu ya waasi, au posho, au mwezi gani kijana atarudi. Akaniuliza hivi: "Akipigwa risasi ya paja saa mbili usiku, atafika mbele ya daktari wa kupasua saa ngapi?"

Dada ameolewa Faza. Mimba yake ya tatu ilimtoka damu usiku, boti ikakawia, na safari ya kuja hospitali mjini aliifanya amelala juu ya mbao, mama mkwe wake amemshika mkono. Mtoto hakuishi. Tangu siku hiyo kila mahali hupapima kwa jambo moja: kutoka hapa hadi kwa daktari ni masafa gani.

Mimi nilikuwa jeshini, upande wa tiba. Mwaka 2001 nilikuwa Sierra Leone na kikosi chetu chini ya UNAMSIL, misheni ya Umoja wa Mataifa ya kule. Tulifika mwaka mmoja baada ya waasi wa RUF kuteka walinda amani karibu 500, Mei 2000, Wakenya wakiwamo. Wenzetu waliokuwa Makeni walizingirwa, na tulipofika sisi habari hizo zilikuwa bado mbichi midomoni mwa watu. Kwa hiyo swali la dada silioni dogo.

Siku hizi Umoja wa Mataifa una kanuni inayoitwa kumi-moja-mbili. Ndani ya dakika 10 tangu askari kujeruhiwa, damu iwe imezuiwa na njia ya hewa iwe wazi. Ndani ya saa 1 awe mikononi mwa wahudumu wenye ujuzi zaidi. Ndani ya saa 2 awe kwenye meza ya upasuaji. Nilimweleza dada hivyo. Akaniangalia. "Hiyo ni karatasi. Usiku je?"

Ndipo nilipokwama. Helikopta nyingi za misheni ni za kukodi, rubani ni raia, na kutua gizani mahali ambapo risasi bado zinalia si jambo analolazimika kulifanya. Barabara za Beni mvua ikinyesha ni matope. Na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025, kwa hiyo hata mpango uliokuwa mzuri mwaka juzi si wa kuutegemea kwa mazoea.

Naomba wenye kujua waseme. Waliokwenda misheni, wahudumu wa afya, madereva wa barabara zetu hizi, hata wazazi. Mnadhani nini hasa humrudisha askari kwao mzima?

Nahodha_Matondoni

Wa alaykum salaam ami. Niruhusu niulize la kijinga kabla wakubwa hawajaingia. Mimi nilidhani ile kofia ya buluu ni kama bendera nyeupe, mtu akiiona hapigi. Wamekwenda kulinda amani, wanapigwa kwa nini?

FundiWaMkomani

Si la kijinga, mwanangu. Ndiyo imani iliyowaua wengi.

Mwishoni mwa 2017 Umoja wa Mataifa ulimpa kazi jenerali mmoja wa Brazil, Carlos Alberto dos Santos Cruz, aliyewahi kuongoza majeshi ya misheni ya Kongo, achunguze kwa nini walinda amani wanakufa. Alikuta kwamba tangu 2013 walikuwa wameuawa 195 kwa mashambulizi, idadi ambayo haijawahi kufikiwa katika miaka mitano yoyote ya kabla yake. Alisema wazi kwamba kofia na bendera hazimkingi mtu tena. Zamani misheni ilisimama katikati ya majeshi mawili yaliyotia saini. Leo iko msituni na makundi ambayo hayakutia saini chochote, na kwa baadhi yao mwenye kofia ya buluu ni windo: ana bunduki nzuri, ana redio, ana mafuta ya gari.

DerevaWaGamba

Mimi si mwanajeshi. Nimeendesha basi Mombasa–Lamu miaka mingi, hata ile miaka ya kusindikizwa na polisi kutoka Gamba. Milihoi naijua, Nyongoro naijua. Nitasema nilichojifunza kwa macho.

Bomu la barabarani halipandwi ovyo. Hupandwa pale gari litakapopunguza mwendo: kalavati, kona, shimo ambalo kila dereva hulikwepa upande uleule. Anayelitega ameshakaa siku tatu akitazama. Anajua gari la maji la askari hupita saa ngapi. Ukipita saa ileile, njia ileile, siku ileile, basi wewe mwenyewe umemwandikia ratiba.

Mchanga uliofukuliwa jana rangi yake si ya mchanga wa mwaka jana. Mbuzi wakiacha njia waliyoizoea, simama. Ukifika kijiji ambacho kila siku watoto hupunga mkono na leo hakuna mtoto nje, simama kabisa.

Hawa vijana wetu wa KDF, jeshi la Kenya, wamelipia elimu hii kwa damu huku Bodhei, Baure na njia ya Kiunga. Yule mpwa wako kama amewahi kupangwa huku Lamu, ana kitu ambacho darasa halikumpa. Mwambie asikiache nyumbani.

FundiWaMkomani

Dereva, umesema kweli, na ni mambo hayohayo yanayofundishwa kwenye kituo cha mafunzo pale Embakasi kabla ya watu kwenda misheni. Nchi ya Mali ndiko yalikojulikana kwa machungu. MINUSMA, misheni ya Umoja wa Mataifa ya huko, ilikaa kule tangu 2013 hadi 2023 na ilipoteza watu zaidi ya 300, na mabomu ya barabarani yalikuwa kati ya wauaji wakubwa. Vikosi vingine vilifika na magari ya kawaida yasiyo na tumbo la kuzuia mlipuko. Gari lenye tumbo la umbo la V huusukuma mlipuko pembeni. Lile lenye tumbo bapa huupokea wote, na waliomo ndani huupokea pia.

Gari hilo, kwa kawaida, askari huja nalo kutoka nchi yake. Serikali inayotuma kikosi ndiyo huleta vifaa, kisha Umoja wa Mataifa huirudishia gharama. Kwa hiyo usalama wa kijana huanza kupangwa ofisini Nairobi miezi mingi kabla hajapanda ndege, mtu anapoamua ni gari gani litapakiwa melini.

Muuguzi_Hindi

Nazungumza kama muuguzi. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu aweza kufa kabla hujamaliza kusoma chapisho la kwanza la uzi huu. Dakika tatu, nne, tano. Helikopta hata kama ingekuwa inasubiri imewashwa, haifiki kwa dakika hizo. Swali la mama yake lina majibu mawili, na la kwanza ni hili: aliye kando yake ndiye daktari wake.

Kila askari anatakiwa awe na mfuko wake mwenyewe wa huduma ya kwanza, na ndani yake ule mkanda wa kukaza damu wenye kijiti cha kuzungusha. Uwe mahali pamoja kwa kikosi kizima, mahali ambapo mkono wowote unaufikia, wa kulia au wa kushoto. Ukimhudumia mwenzako tumia mkanda wake, usitumie wako, maana wako waweza kuuhitaji baada ya dakika moja. Na saa ulipokazwa iandikwe, hata kwenye paji la uso kwa kalamu, kwa sababu daktari wa mbele lazima ajue.

Nimewahi kuona mtu ameletwa na mkanda huo umefungwa juu ya suruali yenye simu mfukoni. Ulikaza simu, damu ikaendelea. Alikuwa amefundishwa mara moja tu, darasani, kwa picha.

BaoLaPili

Nasoma hapa nahisi tunakwepa jambo. Wanakufa kwa sababu wamefungwa mikono. Mtu anakuja kukuua, wewe unasoma sheria kama unaruhusiwa kumpiga. Hata huyo jenerali Mbrazil alisema vikosi visingoje kushambuliwa, viwafuate wanaoshambulia. Baraza la Usalama lenyewe mwaka 2013, kwa azimio namba 2098, liliunda brigedi ya Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi kwenda kuwapiga waasi Kongo, na M23 wa wakati ule wakakimbia mwaka huohuo. Nguvu ndiyo inayolinda.

BintiSiyu

BaoLaPili kaka yangu, nusu ya maneno yako nayakubali. Anayekaa kambini akingoja, adui humchagulia siku. Lakini tazama Julai 2022. Waliovamia kambi za MONUSCO Goma na Butembo walikuwa wananchi, wamechoka, wanasema mpo hapa miaka ishirini na watoto wetu wanaendelea kuchinjwa. Pale Butembo aliuawa mwanajeshi wa Morocco na polisi wawili wa India. Hao ungewafuata wapi msituni? Walikuwa majirani wa kambi.

Nitasema la kwetu ili nieleweke. Uvuvi wa usiku ulipopigwa marufuku hapa, baba yangu alikaa na nyavu zake barazani. Nia ilikuwa usalama, sikatai. Lakini mvuvi ndiye aliyekuwa akijua kila dau geni linalopita Kiwayu usiku. Ukimtoa baharini umeyafumba macho yako mwenyewe, na ukimtoa kwa matusi hata alichokiona mchana hatakwambia. Mimi nimewaona askari wa aina mbili Siyu. Yupo aliyeshuka akasalimia wazee, akauliza kisima kina maji, akarudi wiki ya pili akauliza tena. Huyo alikuwa akiambiwa mambo bila kuuliza. Na yupo aliyeingia na viatu hadi kwenye mkeka.

Sasa vijana wetu Kongo wana neema ambayo Mnepali au Muuruguay hana. Kiswahili. Cha kule ni kingine, wanasema "batu" na "aksanti", lakini mama wa sokoni Beni ataelewana na kijana wa Faza bila mkalimani katikati. Mkalimani ni mtu wa tatu, na mtu wa tatu anaogopewa. Mwanamke aliyeona watu wageni wakivuka shamba lake alfajiri hawezi kumwambia mkalimani ambaye ni jirani yake. Huenda akamwambia askari wa kike anayemwita mama kwa lugha yake. Tupeleke askari wa kike wengi zaidi doriani, wasiachwe jikoni na ofisini.

BaoLaPili

Dada, kisima hakizuii risasi. Ila hilo la mkalimani sikuwahi kulifikiria, nakiri.

MtuWaMalindi

Niongeze jambo moja fupi. Tangu 1948 walinda amani zaidi ya 4,000 wamefariki kazini, na ajali na maradhi yameua wengi kuliko adui. Mkanda wa gari. Dawa ya kuzuia malaria kila siku, hata ukiona umezoea mbu wa Pwani. Mwaka 2018 hadi 2020 eneo hilohilo la Beni lilikuwa na Ebola iliyoua watu zaidi ya 2,200, na doria hazikusimama. Kijana anayejilinda na bunduki halafu anakunywa maji ya mto hajajilinda.

FundiWaMkomani

Ahsante MtuWaMalindi. Sierra Leone nilitibu malaria mara nyingi kuliko jeraha la risasi, kwa mbali sana.

Nataka nirudi kwenye jibu la pili la swali la dada, lile ambalo Muuguzi hakulimaliza: baada ya mwenzake kumzuia damu, nani anakuja? Hapa nitazungumzia Semuliki, maana ni Watanzania, ni watu wetu, na walikuwa eneo lilelile la Beni.

Tarehe 7 Desemba 2017, jioni, kambi yao karibu na mto Semuliki ilishambuliwa na watu waliosadikiwa kuwa waasi wa ADF. Mapigano yalichukua saa nyingi usiku. Watanzania 15 walipoteza maisha, zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Halikuwahi kutokea shambulizi lililoua walinda amani wengi hivyo kwa mpigo mmoja katika miaka mingi ya nyuma.

Nilipoisikia habari ile nilikuwa dukani kwangu. Nilifunga duka. Jambo la kwanza nililojiuliza: saa zote hizo, msaada ulikuwa wapi?

Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka uliofuata haukuficha. Ulikuta misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea nguvu na kuwatoa. Amri zilikuwa na kasoro, na ndege, wahandisi na habari za kijasusi vilipungua. Ulitaja pia upungufu wa mafunzo kwa upande wa kikosi chenyewe. Askari walipigana, tusiwavunjie heshima. Lakini kambi ndogo iliyo peke yake, mbali, usiku, bila ndege inayoweza kuruka gizani, ni kisiwa. Sisi watu wa visiwa tunajua: kisiwa kisicho na boti usiku si mahali pa kuugulia.

Tangu wakati ule kuna yaliyobadilika. Kambi ndogo zilizotawanyika zilianza kutazamwa upya. Kenya yenyewe ilipeleka kikosi chake Beni mwaka 2021, kikosi cha kukimbilia haraka panapowaka. Mwaka huohuo Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2589, kwamba anayemuua mlinda amani atafutwe na ashtakiwe. Naliunga mkono, kwa sababu muuaji asipoguswa hurudi. Ila azimio halimfungi mtu jeraha.

Mimi nikipewa nafasi ya kumuuliza kamanda swali moja kabla mpwa wangu hajaondoka, sitauliza juu ya magari wala fulana za kuzuia risasi. Nitauliza: mara ya mwisho mlifanya lini zoezi la kumtoa majeruhi usiku, kwa giza la kweli, mkipima saa, kutoka kambi ya mbali kabisa hadi kwa mpasuaji? Akitaja tarehe, nitalala. Akisema mpango upo kwenye faili, nitakuwa kama dada.

MamaWaAskari_Mpeketoni

Nimesoma yote nikilia, mtanisamehe nikiandika vibaya.

Mwanangu alikuwa Somalia. Januari 2016, siku al-Shabaab walipoivamia kambi ya Wakenya ya El Adde, hakuwa kambi hiyo, lakini mimi sikujua. Nilijua nini? Nilijua picha. Zilikuja kwenye simu, kundi baada ya kundi, na watu ninaowajua wakazisambaza. Nilivikuza vile viatu kwa vidole nikitafuta viatu vya mwanangu. Siku mbili. Alipopiga simu nilikuwa siwezi kusema.

Ninyi wanaume mmesema mambo ya kambi. Mimi naomba niseme ya nyumbani, kwa sababu nasi tuna sehemu. Tusiandike Facebook "mwanangu anaondoka kesho, mwombeeni", na tarehe, na picha yuko na mavazi ya kazi. Tuombe bila kuandika. Akituma picha yuko kambini, nyuma yake unaonekana mnara na ukuta, usiirushe kokote. Adui naye ana simu. Na picha za waliouawa tusizipokee wala kuzipeleka mbele, hata kwa nia ya huruma. Zilitengenezwa ili zitufikie sisi.

Jambo jingine. Wanaporudi tusiwasukume waongee, na tusiwanyamazishe. Wangu alikuwa akiamka usiku anakaa mlangoni. Nilikuwa namletea chai na kukaa naye, basi. Baada ya miezi akaanza kusema mwenyewe, na sasa anaonana na mshauri. Askari aliyerudi na miguu yote miwili bado yaweza kuwa hajafika.

BintiSiyu

Mama, Mwenyezi Mungu akupe nguvu. Nimeinakili sehemu ya picha nikaipeleka kundi la familia yetu, bila jina lako.

DerevaWaGamba

Mama pole sana. Na mimi nilikuwa msambazaji. Nimeacha.

FundiWaMkomani

Nimerudi kueleza tulipofika, kwa kuwa wengi mmeniuliza kando.

Dada nilimsomea uzi wote kwa sauti. Palipofika kwa Mama wa Mpeketoni aliniambia nisome tena. Kisha akasema mwanawe aje kabla likizo haijaisha.

Amekuja Ijumaa baada ya Isha. Amefunzwa, siwezi kumtia ila, na mfuko wake anao. Lakini nilitaka kuona mikono yake, nisisikie maneno. Nilimwambia alale chini ukumbini, mkono wa kulia nikaufunga nyuma ya mgongo, nikazima taa. "Paja la kulia. Anza." Dada alishika simu, anahesabu.

Mara ya kwanza mkanda ulimponyoka, akautafuta kwenye mkeka kwa kupapasa. Ilichukua dakika moja na sekunde arobaini. Dada hakusema neno, ila niliisikia pumzi yake. Mara ya pili ilikuwa chini ya dakika, lakini ulikuwa umelegea, niliingiza vidole viwili, nikaukataa. Tulihamisha mfuko kutoka mgongoni hadi kiunoni mbele, mkono wa kushoto uufikie pia. Mara ya sita alifunga kwa sekunde thelathini na moja, umekaza hadi akauma meno.

Kisha dada akaweka simu chini, akasema sasa amfunge yeye. Akajilaza kwenye mkeka, kijana akasita. Akamwambia, "Funga, mwanangu. Huko utamfunga mtoto wa mwenzangu." Akamfunga gizani, mikono miwili, sekunde kumi na nane.

Muuguzi wa Hindi, nina ombi. Anarudi kikosini Jumatano, na kuna vijana wengine wawili wa Amu katika kundi hilohilo. Jumatatu baada ya Magharibi nitawakusanya kwangu. Kama unaweza kufika na ile mikanda ya mazoezi, nauli ya boti kutoka Mokowe ni juu yangu, na chakula kitakuwapo.

Muuguzi_Hindi

Nitafika. Mwambie kila mmoja avae suruali anayoivaa doriani, na mifuko iwe na vitu vyake vyote kama kawaida. Simu pia.